JE, STUDIO ZETU ZIFE?

Maneno juu ya nyumba za picha za Meru na Embu, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama mjini Embu. Tunayapiga chapa hapa kwa ajili ya ndugu wa Meru, Nkubu, Maua na Chuka ambao hawakuweza kufika.



Katibu aliniletea barua akiniomba niseme juu ya studio za picha na za sinema katika wakati huu wa dijitali, kama zina maisha mbele yao au hazina. Nilipoisoma nilicheka, maana ilikuwa kama kumwambia mtu ambaye nyumba yake yavuja aje atoe hotuba juu ya mvua. Mimi ni mfanya kazi wa studio. Niliingia kazi hiyo mwaka 1994, hapa hapa Embu, katika chumba ambacho ningali nafanyia kazi hata leo, na mwezi uliopita tajiri wetu alituita sisi wanne akatuambia ya kuwa mwisho wa mwaka atafunga. Chumba kitakuwa duka la simu. Jina lake silitaji, kwanza kwa kuwa si mtu mbaya, na pili kwa kuwa mambo yetu naye hayajaisha, na Katibu amenionya nichunge ulimi.

Najua ya kuwa wengi mlioketi hapa hamjapata kushika kamera kwa mshahara. Wako watu wa viwanda vya chai, wako makarani, wako madereva, wako akina mama wa usafi hospitalini. Msisinzie. Maneno haya yanawahusu ninyi pia, na nitakapofika mahali penyewe mtaona.

Kwanza niwaambie vijana studio ilikuwa nini. Mbele palikuwa na benchi, kioo, na chanuo lililofungwa kwa uzi ili lisiondoke na mteja. Nyuma ya mlango palining'inia koti moja na tai mbili za studio, na watu wengi wa wilaya hii ambao leo picha zao ziko ukutani wamevaa koti lile lile. Kisha palikuwa na chumba cha taa, chenye pazia lililochorwa. Pazia letu la kwanza lilichorwa na fundi mmoja wa Majengo ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuandika mbao za maduka. Alichora ziwa, na mashua, na nyuma yake Mlima Kenya wenye theluji mpaka magotini. Basi mteja alikuwa akiuacha mlima wa kweli nje ya mlango, akaingia ndani kulipa pesa ili apigwe picha na mlima wa rangi. Hatukumcheka. Mlima wa kweli una mawingu siku nyingi, na wa kwetu haukuwa na wingu hata moja.

Na nyuma kabisa palikuwa na chumba cha giza, penye taa nyekundu, mabeseni matatu na harufu ya dawa ambayo mke wangu alikuwa akiitambua kabla sijabisha hodi. Siku ya soko watu walikuja kutoka Siakago, Kiritiri na Ishiara. Walikuja maarusi, walikuja vijana waliotoka jandoni, walikuja waliofaulu mtihani na walioandikwa jeshini, na wazee waliotaka picha moja tu kabla ya kufa, nao walisema hivyo wazi wazi bila haya.

Picha moja ilipita mikononi mwa watu sita. Alikuwako kijana wa kuita wateja kule kwenye stendi ya magari. Alikuwako mpiga picha. Alikuwako fundi wa chumba cha giza, ambaye ndiye aliyenifundisha mimi. Alikuwako mama mmoja aliyekaa dirishani na kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano, akiondoa chunusi na makovu juu ya negativu. Alikuwako seremala wa fremu, na mkata vioo. Mimi sijasema mshahara ulikuwa mkubwa. Nasema walikuwa sita, na kila mmoja alijua atalipwa na nani, siku gani, na mlango wa kugonga asipolipwa.

Kazi hii ina ukoo wake. Ilianza pwani zamani, ambako Wagoa kama A. C. Gomes walikuwa na studio Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale pale Unguja, na Mombasa palikuwa na studio ya Parekh ambayo watu wa mji walikwenda wamevaa nguo za sikukuu. Kisha kazi ikapanda bara pamoja na reli na maduka ya Wahindi, na Waafrika wakaingia kwanza kama wasaidizi wa kuosha picha, na baadaye kama wenye studio. Miaka ya 1990 huko Likoni, karibu na feri, wapiga picha wengi wao wakiwa watu wa bara walijenga vibanda vyao vya mbao wakachora meli na ndege ndani yake. Kibanda cha mbao na pazia, hiyo nayo ni studio. Kitu kinachofanya studio ni mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, hata pakiwa padogo kama jiko.

Sasa niseme juu ya kufa kwake, maana watu hudhani simu ndiyo iliyoiua, na sivyo. Studio ilikatwa kiungo kimoja kimoja. Aliyekwenda kwanza ni fundi wa chumba cha giza. Picha za rangi zilipoenea, dawa zake na mashine zake hazikuwa za studio ndogo, basi filamu zikawa zatumwa Nairobi kwa basi la jioni na kurudi baada ya siku mbili. Mwalimu wangu alikaa mwaka mzima akipanga bahasha, halafu akarudi shambani Manyatta. Kisha ikaja mashine ya kuosha picha kwa saa moja, na yule mama wa dirishani naye akaondoka. Kisha kamera za dijitali, zisizo na filamu kabisa. Simu ilipokuja ilikuta mgonjwa amekwisha lala kitandani. Na mwisho hata serikali yenyewe imeweka kamera mezani pake. Ukienda kutafuta leseni ya kuendesha gari, karani anakupiga picha pale pale kwenye kiti, na taa mbaya, na huna la kusema.

Hata walioitengeneza hawakupona. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na injinia mmoja wa Kodak, Steven Sasson, ndani ya kampuni ile ile iliyokuwa ikiuza filamu dunia nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa na wafanya kazi kama 145,000. Mwezi wa Januari 2012 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi kwa kuwa imefilisika. Wakubwa waliiona mashine ile zaidi ya miaka thelathini kabla ya siku hiyo. Mimi niliisikia habari hiyo redioni nikiwa nafagia chumba cha giza ambacho kilikuwa kimekwisha geuzwa ghala la mafremu.

Studio kubwa za sinema huko Marekani nazo zaguswa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2019 ulitoka mchezo wa televisheni uitwao The Mandalorian, ambao sehemu kubwa yake ilipigwa mbele ya ukuta mkubwa wa taa unaoonyesha jangwa, au milima, au mbingu, kama wapendavyo. Wachezaji wanasimama ndani ya chumba na jangwa liko nyuma yao. Nilipoonyeshwa na mwanangu nilisema: lakini hili ni pazia letu! Ni pazia la yule fundi wa Majengo, ila hili linakula umeme. Basi msikubali mtu awaambie ya kuwa chumba kimepitwa na wakati. Matajiri wakubwa kuliko wote katika kazi ya sinema walikuwa wakitumia mamilioni kurudi ndani ya chumba.

Lakini baadaye kikaja kitu kingine. Mwezi wa Februari 2024 Tyler Perry, mwenye studio kubwa huko Atlanta, alisema amesimamisha mpango wake wa kuiongeza studio hiyo, mpango wa dola milioni 800, baada ya kuona mashine ya akili bandia inayotengeneza picha za sinema kwa kuandikiwa maneno tu. Huyu ni mwenye mali, naye mwenyewe alisema anawahofia mafundi wa umeme, madereva, watu wa sauti na wengineo. Seremala hajengi nyumba ya mchezo ikiwa nyumba imeandikwa kwa maneno.

Na wafanya kazi wa huko walifanya nini? Hawakuvunja mashine. Waandishi wa sinema waligoma tarehe 2 Mei 2023 na mgomo wao ukadumu siku 148. Wachezaji wakawafuata tarehe 14 Julai, wakakaa nje siku 118. Walirudi kazini na mkataba ulioandikwa ya kuwa sura ya mtu au sauti yake haitatengenezwa na kompyuta na kutumiwa bila ridhaa yake na bila malipo. Wengine wamesema walipata kidogo. Inawezekana. Lakini walipata kwa maandishi, na waliyapata kwa sababu walikuwa na chama na walikuwa na lango la studio la kusimama mbele yake na mabango. Mtu anayefanya kazi peke yake na simu mfukoni, atagoma mbele ya lango gani?

Hapa ndipo nilipoahidi kuwafikisha ninyi wa chai na ninyi madereva.

Mkutano uliopita kijana mmoja wa Runyenjes, hodari sana, alisimama akasema, "Wazee, studio ni simu. Studio yangu iko mfukoni, sina haja ya kulipa kodi ya nyumba." Vijana wakampigia makofi, na mimi sikumjibu siku ile kwa kuwa nusu ya maneno yake ni kweli. Simu ya leo yapiga picha safi kuliko kamera niliyofundishiwa. Watu wa Riverwood, wale wa River Road kule Nairobi, walionyesha zamani ya kuwa sinema inaweza kutengenezwa kwa kamera ndogo na sebule ya jirani, ikauzwa kwa diski mpaka vijijini, kwa lugha za nyumbani. Hawakungoja mtu awajengee studio. Wangengoja, wangekuwa wangali wakingoja.

Lakini nitawaambia habari ya nusu ya pili. Kijana mmoja ninayemjua alipiga sinema ya harusi karibu na Nkubu, siku mbili, pamoja na usiku. Hapakuwa na karatasi wala arubuni, ni maneno ya simu tu. Siku ya tatu mwenye harusi akasema picha zina giza, akachukua ile kadi ya kamera "azitazame kwanza", akampa nauli ya kurudi. Kadi haikurudi. Miezi miwili baadaye picha zile zile zikawa zatangaza hoteli moja kwenye intaneti. Kijana alikwenda kulalamika. Akaulizwa: wewe ni nani, ofisi yako iko wapi, risiti yako iko wapi? Hakuwa na hata moja.

Katika chumba chetu kuna kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Nusu ya pesa unalipa kabla taa haijawashwa, na nusu unapochukua picha, na jina lako limeandikwa. Watu walituona wagumu. Lakini katika miaka yangu yote nimedhulumiwa na wateja mara chache, naweza kuzihesabu. Nguvu ile haikutoka kwa kamera. Ilitoka katika kuwa na mlango: mteja ajua atatupata wapi, nasi twaweza kushika kazi yetu ndani mpaka alipe. Ndugu yangu wa bodaboda aliye hapa ananielewa. Na mama anayefanya usafi kwa kampuni ya kuajiri watu, ambaye hajui tajiri wake ni hospitali au ni ile kampuni, naye ananielewa. Kazi zetu zote zinaondolewa milango. Tunaambiwa ni uhuru.

Nitasema neno juu ya mahali mshahara unapolala. Ninyi wa Meru mnajua habari za Elsa, yule simba jike wa Adamson. Aliishi huko kwenu, akafa mwaka 1961, na kaburi lake liko ndani ya mbuga ya Meru. Sinema yake, Born Free, ilitoka mwaka 1966 ikaonekana dunia nzima. Lakini kambi ya kuipigia iliwekwa zaidi upande wa Naro Moru, ng'ambo ya mlima. Hadithi ilikuwa ya Meru, na ujira wa mafundi, wapishi, wachukuzi na waliojenga ukalala Naro Moru. Sisemi kwa wivu, nasema mahali kazi inapowekwa pana maana. Na leo ni vivyo hivyo. Matangazo ya Kimeru na Kiembu mnayoyasikia katika Muuga na Wimwaro, na michezo midogo ya lugha zetu, hayana sababu ya kwenda kurekodiwa Nairobi ikiwa kuna chumba kimoja kimya kati ya hapa na Makutano. Kimya ni kitu adimu kuliko kamera. Jaribuni kurekodi sauti kwenye ua wa nyumba, saa ya jogoo, ng'ombe na matatu. Sisi tuna chumba chenye kuta nene na blanketi ukutani. Umeme ndio wenye kutuaibisha, unakatika kana kwamba Kindaruma iko ng'ambo ya bahari, na bwawa hilo limekuwa jirani ya Mbeere tangu 1968.

Basi niingie katika jambo letu lenyewe, na hapa nataka ushauri wenu, si makofi.

Tajiri alituarifu kwa mdomo. Katibu amenionyesha sheria, na wote wenye kufanya kazi ya mshahara yafaa mwijue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema ya kuwa mwajiri akitaka kupunguza watu kwa kuwa kazi imekwisha, lazima akijulishe chama chao na ofisa wa kazi wa mahali hapo, si chini ya mwezi mmoja kabla, na aeleze sababu. Na lazima alipe, juu ya haki nyingine, mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Mtu mwenye miaka 30 kamili, hizo ni siku 450. Mmoja wetu, dada mdogo kuliko sote, yeye ana miaka minne, na alikuwa akiitwa kibarua mpaka juzi. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo chasema ya kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Kwa hiyo naye ana siku zake.

Tajiri anasema hana pesa zote hizo. Amesema, "Chukueni taa, pazia, kamera mbili na viti, tuagane kwa wema." Wawili kati yetu walitaka kukubali pale pale. Mimi nilisita, na nashukuru nilisita, maana Katibu alinieleza jambo ambalo sikulifikiri: mkiuchanganya ujira na vyombo katika karatasi moja, hamtajua kamwe ni kipi kililipwa. Yafaa ziwe karatasi mbili. Ya kwanza ni haki yetu ya kuondoka, kwa shilingi, hata ikiwa ataomba kulipa kwa miezi. Ya pili ni bei ya vyombo, vikitazamwa na mtu asiye wa upande wowote, nasi tuvinunue kama mtu yeyote. Yawezekana mwisho pesa zile zile zitatoka mkono huu na kurudi mkono ule. Hata hivyo zipite.

Na chumba? Nimezungumza na mwenye jengo. Duka la simu halijaweka sahihi. Kodi ni Sh. 22,000 kwa mwezi. Kwa watu wanne ni mzigo. Lakini nimezunguka na basi Runyenjes, Chuka, Nkubu na Meru, nikakuta saba zaidi wenye kamera na simu na hawana mahali, miongoni mwao yule kijana wa "studio ni simu". Sisi kumi na mmoja ni Sh. 2,000 kila mtu. Siku zitagawanywa kwa zamu. Wa Meru wamelalamika ya kuwa Embu ni mbali, na wana haki, ni mwendo wa saa kadhaa. Wamesema wakipata chumba Makutano baadaye tugawane vyombo. Sijui kama tutafika huko. Nimewaambia hivyo.

Kuna waliosema mpango huu ni ukaidi wa wazee wanaopenda harufu ya dawa. Hapana. Chumba cha giza sikirudishi. Nitakibomoa kwa mikono yangu ili tupate nafasi ya sauti. Ninachokitaka ni ule mlango, na kile kitabu cha risiti.

Na kitabu hicho kina kazi mpya siku hizi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yasema ya kuwa picha iliyoagizwa na mtu haki yake yahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana namna nyingine. Basi yule kijana wa Nkubu, hata angekwenda mahakamani, angeulizwa mapatano yake yako wapi. Mstari mmoja chini ya risiti ungalitosha. Tena iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja Sh. 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na mahali pa starehe huko Nairobi pakatozwa Sh. 1,850,000 kwa picha ya mteja mmoja. Sura ya mtu si mali ya aliyeshika kamera. Ndugu zetu wa picha za mtaani wengi hawajui habari hiyo, na siku watakapoijua itakuwa kwa barua ya faini. Studio ambayo mteja anaingia kwa miguu yake, anaketi, anaandika jina na kuweka sahihi, ilikuwa ikifanya jambo hilo kabla sheria haijatungwa.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko kodi.

Juu ya dari la studio yetu kuna masanduku kumi na tisa ya negativu. Yamepangwa kwa mwaka na kwa namba, na namba zimo katika vitabu. Tajiri amesema tuyatie shimoni kabla ya kuondoka, maana mwenye duka la simu hayataki. Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Ishiara. Mumewe alikuwa amefariki, na picha moja waliyokuwa nayo iliharibika nyumba ilipovuja. Alikumbuka tu ya kuwa walipigwa mwaka waliouza ng'ombe wawili, na watoto walipomsaidia kukumbuka mwaka, tulipanda juu tukatafuta mpaka saa tisa. Tukamwona mzee yule kwenye mwanga, amevaa koti letu, na theluji ya Majengo nyuma yake. Mama hakusema kitu. Aliuliza kama twaweza kutoa sita, moja kwa kila mtoto.

Kule Unguja, Capital Art Studio ilihifadhi negativu zake, na miaka mingi baadaye watu wakawa wanaingia kununua picha za mji wa zamani. Wako wanaoniambia tufanye vivyo hivyo, tuuze kwa watalii au tuzitie kwenye intaneti. Mimi nakataa. Picha ya bandari ni jambo moja, na sura ya mama wa Ishiara ni jambo lingine. Tuzitunze, na mwenye sura au mtoto wake akija na jina, tumtolee kwa bei ya karatasi na kazi. Wenzangu wawili hawakubaliani nami katika hili, nami nimewaomba waseme leo mbele yenu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa tawi. Katibu aandike barua kwa tajiri na kwa ofisa wa kazi wiki hii, kabla notisi ya mdomo haijageuzwa kuwa desturi. Tawi lituruhusu kuweka masanduku kumi na tisa katika ghala la ofisi, penye kukauka, mpaka Januari. Na wale vijana saba waandikwe kuwa wanachama kwa ada ile ile ya wengine, hata kama hawana mwajiri mmoja, maana nimesikia kuna ubishi juu ya jambo hilo katika kamati. Kule Nairobi, siku ya Mei Mosi 2023, wafanya kazi zaidi ya 150 wa kuchuja picha na maneno ya mitandao walikutana wakapiga kura kuunda chama chao, nao walikuwa wameajiriwa na makampuni mbali mbali. Hawakuulizana kwanza mlango wa nani.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa yangu imekwisha, na naona saa unayoitazama ni ya simu. Kitabu cha majina kiko mezani pale karibu na chai, pamoja na karatasi ya kodi. Wenzangu wale wawili wako mstari wa pili, nao wana neno.